Kisogo cha Nina: Mnakili Mbele ya Bandari ya Claude

Wahenga walisema kwamba mwana hutazama kisogo cha nina. Methali hii hutajwa zaidi katika mazungumzo ya malezi, kwa maana kuwa mtoto hufuata nyayo za mzazi wake. Lakini tuitazame kama mshairi anavyopaswa kuyatazama maneno, yaani kwa kukiangalia kile kinachotajwa. Mtoto aliyebebwa mgongoni hauoni uso wa mama yake. Anachokiona ni kisogo, na juu ya bega anaiona njia. Huujua mwendo wa mama, pale anapokaza hatua na pale anapozipunguza, kabla hajaweza kuieleza sura yake. Wapita njia humwona mama kwa mbele. Mtoto humwona kwa nyuma, akiwa safarini.

Makala haya yanahusu watu wanaozitazama kazi za mabingwa kwa namna hiyo: wachoraji wanaojifunza rangi za mafuta kwa kuichora upya picha ya zamani, mpako juu ya mpako, mpaka mwendo wa aliyeichora mwanzo uwaingie mkononi. Nimelileta somo hili mbele ya wapenzi wa mashairi kwa sababu jambo tunalobishania katika baraza zetu huonekana wazi zaidi kwenye turubai kuliko kwenye karatasi.

Katika baraza hizo husikika kauli mbili juu ya kuiga. Ya kwanza humwambia kijana asizisogelee tungo za wakongwe, atafute sauti yake mwenyewe. Naye akijaribu, husomewa ile methali ya tembo ambayo adabu hainiruhusu kuikamilisha hapa. Ya pili haisemwi kwa mdomo bali kwa vitendo: mtu huchukua beti za marehemu fulani, akabadilisha jina la mpenzi na la mtaa, kisha akasimama jukwaani kupokea makofi. Wa kwanza anamnyima mwanafunzi kitabu. Wa pili anakiuza kitabu cha mwalimu. Wanapingana, lakini wamesimama juu ya dhana moja, kwamba kunakili ni kuchukua kitu kilichokwisha kutengenezwa. Mchoraji anayenakili anajua kwamba sivyo.

Picha ninayoitolea mfano ni ya Claude Lorrain, aliyezaliwa katika nchi ya Lorraine, ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa, baina ya mwaka 1600 na 1605, akaishi na kufanya kazi Roma hadi alipofariki mwaka 1682. Aliichora mwaka 1648. Ina kiasi cha sentimita 149 kwa 197, na imo katika National Gallery ya London. Inaonesha bandari wakati jua liko chini, karibu na upeo wa bahari. Kushoto zimesimama nguzo kubwa za jengo la kale, zikiwa katika kivuli. Kulia kuna jumba la kifalme lenye ngazi zinazoshuka hadi majini. Baina ya pande hizi mbili bahari imefunguka, na njia ya mwanga inakuja moja kwa moja kwa mtazamaji, ikivunjika juu ya viwimbi. Katika ngazi hizo anashuka Malkia wa Sabaa, mwenye vazi la waridi na joho la buluu, akienda kwa Nabii Suleiman. Yeye ndiye aliyeipa picha jina lake, lakini ni mdogo kuliko nguzo, na jicho humpita likaenda kwenye jua.

Vitabu havimpeleki Malkia huyu baharini. Biblia inamwingiza Yerusalemu na msafara wa ngamia, na Qurani, katika Suratun-Naml, haikitaji chombo alichosafiria. Bahari ni ya Claude. Alimpa Malkia bandari kwa kuwa alitaka kuchora saa ile ambayo chombo hakijang'oa nanga, watu wanapakia, na hewa yenyewe inangoja. Sidhani kama yupo mtu aliyezaliwa kando ya bandari atakayemlaumu kwa hilo.

Sasa mnakili anakaa mbele ya picha hii kwa nia ya kuichora upya. Aghalabu huanza kwa kulitamani jua, kwa kuwa ndilo lililomvuta, na hapo hapo hugonga ukuta. Rangi nyeupe haiwaki. Iwe nyeupe ya risasi waliyoitumia watu wa zamani, iwe ya titani iliyoenea katika karne ya 20, inarudisha tu mwanga wa chumba ulioiangukia. Jua la kweli hatuwezi hata kulikodolea macho. Jua la turubai haliwezi kung'aa kuliko ukuta uliopakwa chokaa. Basi mnakili hulichunguza jua la Claude kwa karibu na kuona kwamba si kali hata kidogo, ni duara la rangi hafifu. Ukali wake umetengenezwa mahali pengine. Msomaji mwenye picha hii kitabuni na ajaribu: azifunike kwa viganja nguzo za kushoto na jumba la kulia. Anga hupoa mara moja, na jua likawa doa. Akiondoa viganja, linarudi kuwaka. Claude aliweka giza pembeni kwanza, akazishusha rangi za kila kitu kingine, ili kile kidogo alichonacho katikati kionekane kikubwa. Mtunzi yeyote wa shairi analijua jambo hili. Kituo hakiwi kizito kwa sababu ya maneno makubwa yaliyomo ndani yake, bali kwa namna mishororo iliyotangulia ilivyojizuia.

Somo la pili ni la utaratibu. Mtazamaji huiona picha yote kwa mara moja, lakini haikuchorwa kwa mara moja. Wachoraji wa karne ya 17 hawakuanza juu ya weupe mtupu. Turubai ilipakwa kwanza rangi ya msingi, ya udongo au ya kijivu, ili mwanga na kivuli vipimwe kutoka katikati. Juu yake uliwekwa mchoro wa rangi chache zisizo na mng'ao, ambao Waholanzi waliuita rangi mfu, kisha ndipo rangi hai zikafuata. Vitu vya mbali vilitangulia vya karibu. Milingoti na kamba za merikebu katika bandari ya Claude zimepita juu ya anga, na ili mstari mwembamba kama ule usimame bila kuchafuka, anga lazima liwe limekwisha kukauka. Nayo mafuta ya kitani, yanayozibeba rangi hizi, hayakauki kama maji kwa kupaa hewani. Hushika oksijeni ya hewa na kugeuka polepole kuwa utando mgumu, kazi inayotaka siku kwa mpako mwembamba na wiki au miezi kwa mnene. Ndiyo sababu ya kanuni kuu ya fundi huyu: mpako wa juu uwe na mafuta mengi kuliko wa chini. Ukiugeuza utaratibu huo, wa juu utakauka upesi na wa chini utaendelea kusogea, na picha itapasuka. Haipasuki leo. Hupasuka wakati mchoraji amekwisha kulipwa.

Kwa hiyo mnakili hulazimika kuuliza swali ambalo mtazamaji hajiulizi: kipi kilitangulia? Swali hilo ndilo kisogo cha nina. Humtoa mtu katika kuustaajabia uso wa kazi na kumtia katika safari ya aliyeifanya.

Somo la tatu linahusu mahali pa hatari zaidi katika picha nzima, nalo ni pale ambapo pana kitu kidogo kabisa cha kutazama. Juu, anga la Claude ni la buluu. Chini, karibu na jua, ni la manjano ya dhahabu. Kila mtoto wa skuli anajua kwamba buluu na manjano zikichanganywa huzaa kijani. Mbona basi anga hili halina kijani? Mnakili anayezivuta rangi mbili hizo zikutane hupata ukanda wa rangi ya majani mabichi katikati ya mbingu. Njia ya kupita ni kuzipandisha zote mbili kuelekea weupe kabla hazijagusana, na kuweka baina yao kijivu chenye uwaridi kidogo sana, kisha kuzipangusa mipaka kwa brashi laini kavu, au kwa ncha ya kidole, mpaka pasijulikane moja iliishia wapi na nyingine ikaanzia wapi. Ni kazi ya saa nyingi ambayo ikifanikiwa haionekani. Nadhani ndiyo inayoitenga picha yenye hewa na picha yenye vitu tu. Katika utungaji tuna kazi ya namna hiyo: viungo vidogo, "na", "basi", "ilhali", ambavyo hakuna mtu anayevisifia, lakini vikikosea, ubeti mzima hubadilika rangi.

La nne ni juu ya ukungu. Rangi ya mafuta inaweza kupakwa kwa namna mbili zilizo karibu na kutokuwapo. Mpako mwangavu wenye rangi iliyokolea, ukipita juu ya mahali palipo peupe, huuachia mwanga uingie hadi chini na kurudi, na rangi hupata kina kama kioo cha rangi kinachopigwa na jua. Mpako wa pili ni wa rangi nyepesi isiyo angavu, iliyosuguliwa kwa uchache juu ya mahali palipo peusi. Huu huzaa utusitusi wa kibuluu, hata kama katika rangi hiyo hapana buluu yoyote. Moshi wa kuni ukipita mbele ya mlango wenye giza huonekana wa kibuluu vivyo hivyo, na milima ya mbali pia, kwa kuwa hewa iliyo mbele yake hutawanya mwanga. Mchoraji anayejifunza jambo hili haigi tena rangi ya ukungu. Anautengeneza ukungu kwa njia ile ile ambayo dunia huutengeneza. Merikebu za mbali katika bandari za namna hii huzama hewani kwa njia hizo, nazo ni njia ambazo jicho pekee, bila mkono, haliwezi kuzikisia.

Haya sikuyapata kwa kusoma tu. Mimi ni mtu wa kalamu, niliyejifunza kwa vitabu vya kuazima, na rangi za mafuta nimezishika ukubwani, kwenye ubao wenye ukubwa wa sinia, nikiwa na picha iliyochapwa mbele yangu. Picha iliyochapwa huonesha rangi lakini huficha mipako. Huonesha neno la mwisho na kunyamaza juu ya yote yaliyofutwa. Hata hivyo inatosha kumlazimisha mtu akae na mraba mmoja wa anga kwa wiki tatu. Mimi ni mfasiri pia, na sijui kazi nyingine, isipokuwa kufasiri shairi, inayomlazimisha mtu kusoma taratibu kiasi hicho.

Turudi kwa Claude, kwani yeye mwenyewe aliguswa na suala la nakala, tena kwa upande wa maumivu. Umaarufu wake ulipopanda Roma, walitokea watu waliochora kwa mtindo wake na kuuza kwa jina lake. Tangu kiasi cha katikati ya miaka ya 1630 alianza kuweka daftari la michoro, ambamo kila picha aliyoimaliza aliichora kwa kalamu na wino, na nyuma ya karatasi akaandika ilikwenda kwa nani au wapi. Daftari hilo, lijulikanalo kwa jina la Kilatini *Liber Veritatis*, yaani Kitabu cha Ukweli, lilikusanya michoro inayokaribia 200, na tangu mwaka 1957 limo katika British Museum. Mtu aliyeletewa picha yenye shaka angeweza kulilinganisha daftari na picha. Maana yake, mchoraji alijinakili mwenyewe ili awashinde wezi.

Mambo yaliyofuata yana mafunzo. Mwaka 1777, Richard Earlom alilichapisha daftari hilo kwa sahani za kuchongwa, na kile kilichokuwa ngao dhidi ya waigaji kikawa kitabu cha skuli cha waigaji wa Uingereza nzima. Mmoja wao alikuwa J. M. W. Turner, aliyezaliwa mwaka 1775. Inasimuliwa na rafiki yake, mchoraji George Jones, kwamba Turner akiwa kijana alisimama mbele ya bandari hii ya Malkia wa Sabaa, wakati huo ikiwa nyumbani kwa tajiri John Julius Angerstein, akalia machozi kwa kuwa aliona hataweza kamwe kuchora kitu kama kile. Baina ya 1807 na 1819 alitoa mfululizo wake wa michoro ya kuchapwa na kuuita *Liber Studiorum*, Kitabu cha Mazoezi. Hata jina aliliiga. Lakini tazama neno alilolibadilisha: pale palipoandikwa ukweli, yeye aliandika mazoezi.

Mwaka 1815 Turner alionesha picha ya Malkia Dido akiujenga mji wa Karthago, katika pwani ya Afrika ya Kaskazini, nchi ya Tunisia ya leo. Mifupa yake yote ni ya Claude: majengo pande mbili, maji katikati, jua mbele ya macho, njia ya mwanga inayomjia mtazamaji. Hapa mhakiki asione haya kusema analoliona. Katika pande za picha, Turner bado ni mwanafunzi. Majengo yake yamejazana kuliko nguzo za Claude, na katika kuongeza ameipoteza ile subira ya nafasi tupu iliyoifanya bandari ya 1648 ipumue. Lakini katikati limetokea jambo jipya. Jua la Claude limekaa mahali pake kwa adabu, likimulika kila kitu kwa kipimo. La Turner limeanza kula kingo za vitu. Manjano imeingia kila mahali, na hewa imekuwa nzito kama kitu cha kushikika. Mwanafunzi amefuata njia ya mwalimu hadi mahali ambapo mwalimu alisimama, akapiga hatua moja zaidi. Hatua hiyo isingewezekana kama asingefika kwanza pale.

Deni jingine halikulipwa. Claude alikuwa mtu wa kungoja mpako ukauke. Turner alikuwa na haraka na alipenda kujaribu michanganyiko, na baadhi ya rangi zake nyekundu hazikustahimili mwanga. Picha zake kadhaa zilianza kupasuka na kufifia angali hai. Hivyo mwanafunzi aliyempita mwalimu katika kuona alibaki nyuma yake katika subira, na turubai imeyaandika yote mawili.

Miaka 30 baadaye, kiasi cha 1845, Turner alichora ngome ya Norham, mahali alipokuwa akipachora tangu 1797, wakati wa macheo. Nguzo zimeondoka. Ngome imekuwa kivuli cha buluu, ng'ombe mmoja amesimama majini, na vingine vyote ni mwanga mtupu. Mtu asiyejua chanzo atasema hapa hapana Claude hata chembe. Anayejua ataona kwamba yamebaki mambo mawili aliyoyachukua kwake tangu ujana: jua mbele ya macho, na vitu vinavyopimwa kwa hewa iliyo baina yake.

Alipoandika wasia wake, Turner aliiachia National Gallery picha mbili, ya Dido na ile ya jua likichomoza katika ukungu, kwa sharti kwamba zitundikwe pamoja na picha mbili za Claude, mojawapo ikiwa hii bandari ya Malkia wa Sabaa. Sharti hilo limeheshimiwa. Naliona kuwa tendo la uaminifu mkubwa kuliko machozi. Mwizi wa picha humwomba Mungu asili ipotee. Turner aliiomba asili iwekwe ukutani, ubavuni mwake, daima, ili kila apitaye alinganishe. Nyumba kubwa za sanaa nazo zimeliwekea jambo hili mpaka: Louvre, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1793, imewapokea wanakili tangu zamani, lakini huwataka nakala yao isilingane na asili kwa ukubwa. Mtu yuko huru kujifunza lolote, mradi asijifiche.

Katika ushairi wetu mpaka huo tunao, tena wa zamani. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, anayejulikana zaidi kwa *Al-Inkishafi*, alizichukua beti za kale zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, na kwa kila mishororo miwili akaongeza yake mitatu. Hiyo ndiyo takhmisa. Mishororo ya kale haikufichwa wala kubadilishwa. Ipo mahali pake, na mpya imekaa ubavuni ikipimwa nayo katika kila ubeti, kwa vina na kwa uzito. Anayetunga takhmisa hawezi kudanganya, kwani mwalimu yumo chumbani. Hata Vincent van Gogh, alipokuwa Saint-Rémy mwaka 1889 na 1890, akizichora upya kwa rangi picha za Millet alizokuwa nazo katika machapisho yasiyo na rangi, alimwandikia ndugu yake kwamba kazi hiyo aliiona ni kufasiri katika lugha nyingine zaidi kuliko kunakili. Sisi wafasiri tunamwelewa. Nyerere aliifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari mwaka 1963, kisha akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969, kana kwamba mchoraji amerudi mbele ya picha ile ile baada ya miaka sita na kuona mipako ambayo hakuiona mwanzo.

Na Malkia mwenyewe ana la kutufunza. Wasomaji wanakumbuka kilichomkuta alipofika mwisho wa safari ambayo Claude ameichora mwanzo wake. Katika Suratun-Naml, kiti chake cha enzi kinageuzwa sura, kisha anaulizwa kama kiti chake ni mfano wa kile. Hakusema ndicho, wala hakusema sicho. Jibu lake lilikuwa kwamba ni kama kwamba ndicho chenyewe. Kisha anaingia katika ukumbi uliosakafiwa kwa kioo, akadhani ni maji. Claude hakuyachora hayo, lakini siwezi kuitazama bahari yake ya mafuta na risasi bila ya kukikumbuka kioo kile, wala kuipima nakala bila ya kulikumbuka jibu lile. Nakala njema haimtaki mtu aseme "ndiyo yenyewe", kama anavyotaka mghushi. Inataka jibu la Malkia, ambalo ndani yake mna kufanana na mna kutofautiana.

Tukija kwetu, swali hili si geni. Edward Saidi Tingatinga alianza uchoraji wake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kung'aa za kupakia vyombo juu ya mbao za mraba, na alipofariki mwaka 1972 walibaki jamaa na wanafunzi waliojifunza kwa kukaa pembeni yake. Wapo miongoni mwa warithi wao waliousogeza mtindo huo mbele. Wapo pia, na maduka ya Mji Mkongwe ni shahidi, wanaorudia tembo yule yule na chui yule yule mwaka baada ya mwaka. Siwalaumu kwa kutafuta riziki. Nasema tu kwamba kurudia matokeo mara 100 hakumfunzi mtu kile ambacho kurudia njia mara moja kunaweza kumfunza.

Kijana wa visiwani akiinakili bandari ya Claude kwa njia niliyoieleza, atakutana mwishoni na jambo ambalo Claude hawezi kumsaidia. Roma iko kiasi cha nyuzi 42 kaskazini ya ikweta. Unguja iko kiasi cha nyuzi 6 kusini. Kule jua hushuka kwa mshazari, likichelewa juu ya upeo, na dhahabu yake hukaa muda mrefu. Kwetu huteremka karibu wima, na utusitusi hauchukui muda mrefu kuliko muadhini na safu ya kwanza. Anayeichukua dhahabu ya Claude na kuimwagia Forodhani atakuwa amechora Forodhani isiyokuwapo, hata kama jahazi ni la kweli na tanga lake limekaa sawa. Lakini anayejua kwa nini dhahabu ile iliwekwa, giza gani liliishikilia na mpako gani uliitangulia, ataweza kuuliza giza letu liko wapi na mwanga wetu unapita haraka kiasi gani. Mchoraji Joachim von Sandrart, aliyemfahamu Claude mjini Roma, aliandika kwamba Claude alikuwa akitoka mashambani kabla ya alfajiri na kubaki hadi usiku, akizitazama rangi za mbingu, akizichanganya kwa mfano wake, kisha akarudi nyumbani kuzipaka. Hata yeye hakuishia kwenye picha za wengine.

Basi kwa vijana wanaoniletea tungo zao na kuniuliza kama ni haramu kumwiga mkongwe, ushauri wangu ni huu. Mchague mmoja. Inakili kazi yake kwa mkono, si kwa macho, na katika kila mshororo uliza kipi kilitangulia. Andika ya kwako ubavuni mwa yake na uwaoneshe watu yote mawili, kama alivyofanya Sayyid Abdallah katika beti na Turner katika wasia. Pale utakapoona kwamba neno lake halitoshi kuielezea jioni ya mtaa wako, hapo usimwongezee chumvi wala usimkane. Mtoto huteremshwa mgongoni siku miguu yake inapoweza kumchukua, na njia atakayoiendea ni ile aliyokwisha kuiona juu ya bega.